Katibu wa Siku Zisizo na Msiba

Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, hasa kama hakuna mtu aliyekufa, Katibu alitukusanya kwenye gereji yake pale Riverdale Park, nje kidogo ya Washington, tukachemsha chai ya matanga. Tulitoa mabirika makubwa ya umeme, tukayajaza maji, tukasubiri yachemke, tukaonja. Meza za kukunja tulizifungua na kuzifunga tena. Viti tulivikalia kimoja kimoja kuona kipi kimelegea. Sufuria za pilau zilioshwa ingawa zilikuwa safi, na turubai lilitandazwa uani ili tutafute tundu. Majirani zake walidhani tunauza vitu vya zamani, na safari moja bibi mmoja Mzungu alitaka kwa nguvu zote kununua sufuria.

Nilikuwa makamu wake kwa miaka mingi kuliko ninavyopenda kusema. Kamati yetu ilikuwa ya misiba ya watu wanaozungumza Kiswahili huku, kuanzia Langley Park mpaka Washington yenyewe: Watanzania Wakristo na Waislamu, watu wa Mombasa na Unguja, Wakenya wa bara, Wakongomani. Mtu akifiwa tulimpelekea viti, chai, chakula na watu wa kukaa naye. Vikundi vya namna hiyo ni vingi hapa. Lakini vingi huamka mtu anapokufa, hulia, hugombana kidogo, halafu hulala mpaka kifo kingine. Sisi tulikuwa na Katibu, na Katibu hakumruhusu mtu kulala.

"Meli haiozi vitani," alikuwa akisema. "Vitani inazama, na hiyo ni ajali ya kazi. Kuoza inaozea bandarini, wakati wa amani, huku kila mtu anakunywa kahawa."

Aliyajua hayo kwa sababu ndiyo kazi iliyomlisha. Alifundisha historia kwenye kile chuo kikuu cha zamani karibu na mtaa wa Shaw, mjini Washington, na katika historia nzima ya dunia, yenye wafalme na mapinduzi na mapenzi, alijichagulia kipande kimoja: namna jeshi la majini la Marekani lilivyoendeshwa katika karne ya kumi na tisa, katika ile miaka ambayo hapakuwa na vita. Vita vyenyewe vilimchosha. Ukimuuliza habari za mapigano fulani angekujibu, "Yalipiganwa, mmoja akashinda," kisha angerudi kwenye mbao zake za meli.

Nilimjulia darasani. Mchana nilikuwa nikilea wazee wa watu majumbani mwao, jioni nasoma, na somo lake lilikuwa la pekee lililobaki na nafasi, jambo ambalo lingetosha kunitahadharisha. Tulikuwa wachache. Siku ya kwanza aliingia amevaa koti la sufu wakati sisi wengine tunavuja jasho, akaweka kipande cha kamba mezani, akatutazama.

"Kamba hii inaoza," akasema. "Hata msipoigusa inaoza. Nani anawajibika?"

Muhula mzima tulikuwa tunalijibu swali hilo. Alitueleza habari za ofisi ndogo hapahapa Washington, waziri mmoja na makarani wachache, na makapteni wasio na meli wakizurura koridoni kuomba kazi. Vita vimekwisha na Bunge halitaki kusikia neno gharama. Lakini mwaloni unaokatwa leo kule kusini hautafaa kujengea meli mpaka ulowekwe na ukauke kwa miaka. Kwa hiyo lazima awepo mtu wa kuagiza leo mbao za vita ambavyo havijulikani, na avumilie kuitwa mbadhirifu. Meli zilianzwa zikaachwa nusu, zimeezekwa mapaa makubwa juu yake, zikingoja. Zilizokamilika zilifungwa gatini, na mzee mmoja akipita na nyundo kugonga mbao na kusikiliza zinavyoitika. Mapipa ya nyama ya chumvi ilibidi yafunguliwe yanuswe. Baadaye zilipokuja injini za mvuke, kapteni aliyewasha makaa wakati upepo upo alitakiwa ajieleze. Haya yote Katibu aliyasimulia kama watu wanavyosimulia fainali ya kombe, anasimama, anakaa, anapiga meza.

Hadithi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya merikebu ya Sultani wa Unguja iliyokuja New York karne hiyohiyo, imebeba karafuu na pembe na mazulia. Ilifika imechoka vibaya. Wakubwa wa jeshi la majini wakaichukua kwenye karakana yao, wakaifanyia matengenezo yote, wakamrudishia Sultani chombo kama kipya, bure. Mwanafunzi mmoja alitaka kujua Wamarekani walikuwa wanatafuta nini.

"Walikuwa wanatafuta kitu, ndiyo," Katibu alikubali. "Biashara. Lakini tazameni na hili. Mafundi walikuwepo, mbao zilikuwepo, kamba zilikuwepo. Mtu wa mbali kaja na shida yake na hakukuta ghala tupu. Amani ikitunzwa vizuri humfikia hata mgeni."

Baada ya kipindi hicho nilimfuata mlangoni kumuuliza jambo kwa Kiingereza changu, naye akanijibu kwa Kiswahili: "Wewe ni wa Tanga wewe." Sikujua amenijuaje. Tukashuka pamoja mpaka U Street, yeye akinionyesha mkahawa mmoja baada ya mwingine na kunitajia kinyozi au duka la viatu lililokuwa hapo zamani. Tulipofika kituo cha treni nilikuwa nimeshakubali kuwa makamu katibu wa kamati ambayo sikuwahi kuisikia.

Asili yake hatukuijua. Wengine walisema ni wa Lamu, wengine Pangani, na yeye aliwaachia wote waseme. Jina la Katibu lilitokana na kamati, ingawa wachache waliosoma kwake tulijua jinsi lilivyomfurahisha. Kwake yeye katibu ndiye mtu mkubwa kuliko wote duniani, mkubwa kuliko rais na amiri, kwa kuwa wao huja siku ya sherehe na katibu huja siku zote.

Nilimtania siku moja kwamba miaka yote hiyo ya utafiti imo ndani ya methali moja ya bibi yangu: usipoziba ufa utajenga ukuta. Alifikiri sana, akavua miwani.

"Methali imesema uzibe ufa," akasema. "Haikusema nani ashike mwiko, nani ampe saruji, na nani apite kesho kutazama kama kweli ameziba. Hapo methali inaishia, na hapo ndipo kazi yangu inaanzia."

Ungedhani basi nyumba ya mtu huyo ni kioo. Dari la chumba chake cha kulala lilivuja, na chini yake palikaa ndoo ya buluu ambayo mkewe, tuliyemwita Shangazi, aliimwaga kila mvua iliponyesha. "Labda nife mimi," Shangazi alituambia huku akicheka, "ndipo kamati ije na turubai lake zuri." Miwani ya Katibu haikuonekana mpaka watu watatu waitafute. Gari lake lilizimika katikati ya barabara ya Route 1 Jumamosi moja ya ukaguzi, na ikabidi Otieno, dereva wetu Mkenya, aende kumvuta.

"Katibu, hii gari ilikufa kitambo," Otieno alimwambia. "Ni vile tu haijaambiwa. Uliipeleka service lini?"

"Gari ni la mtu mmoja," Katibu akamjibu bila haya. "Likifa, mtu mmoja atatembea. Mabirika ni ya watu wote."

Ndivyo alivyokuwa. Vilivyo vyake viliharibika kwa amani kabisa, na vya watu alivigonga kwa nyundo na kusikiliza. Nilimpenda kwa hilo, na lilinikasirisha pia, maana Shangazi ndiye aliyeinama kumwaga ndoo.

Aliyegombana naye zaidi ni Mama Benji, Mkongomani, mkuu wa masufuria. Ugomvi wao ulikuwa uleule kila mwezi, na nadhani wote wawili wangeumwa kama ungekosekana.

"Katibu, hii sufuria iko propre, iko safi," Mama Benji alisema. "Njo nioshe tena juu ya nini?"

"Juu ya utaratibu, mama."

"Utaratibu hautanisaidiaka mugongo."

Akaiosha. Kila mwezi aliiosha. Ukafika msimu wa baridi mmoja, theluji imeanguka, na kule Langley Park barabara zimechimbuliwa kwa ajili ya ile reli mpya, mabasi yanazungushwa huku na huku. Mzee mmoja Mkongomani akafariki asubuhi katika maghorofa ya huko. Siku hiyo mabasi yalikuwa yamesimama kabisa. Lakini sisi tulikuwa tumeshafanya mazoezi ya siku kama hiyo: kila mtu alijua anaanzia nyumba ipi, nani atatembea kwa miguu, nani ana gari la kupita kwenye theluji. Mjane alikuwa bado ameshika simu akiongea na Lubumbashi, chai ikawa inatokota jikoni kwake na viti vimepangwa. Alitutazama mmoja mmoja kama watu walioanguka kutoka juu.

"Mulijua mapema?" akauliza.

"Hatukujua, mama," Mama Benji akamwambia. "Siye tunapikaka tu kila mwezi."

Baada ya siku hiyo watu waliacha kutucheka. Wengine waliokuwa wakimwita Katibu mwendawazimu walianza kuja Jumamosi wenyewe na kukalia viti. Katibu hakujigamba. Alisema tu kwamba birika moja lilichelewa kuchemka, na tulitazame.

Sasa niseme kilichokuwa kibaya. Katika masomo yake yote lilikuwepo moja ambalo wanafunzi walilipenda, la maluteni wazee. Katika jeshi lile la wakati wa amani hapakuwa na kustaafu. Cheo kilipanda kwa zamu, na zamu haikufika mpaka wa juu yako afe. Kwa hiyo makapteni walishikilia vyeo vyao mpaka wakashindwa kupanda ngazi, na chini yao maluteni waliota mvi wakingoja, na vijana hodari walikata tamaa wakaenda kwenye meli za biashara. "Jeshi zima lilikuwa foleni," Katibu alisema, akacheka mpaka akakohoa. Mimi aliniita Luteni wangu. Aliniita hivyo mbele za watu, kwa upendo, miaka nenda miaka rudi, na hakujisikia anachosema.

Mwanzoni nilicheka. Baadaye nilitabasamu. Mwisho nilikuwa nikinyamaza. Niliutaka ukatibu, sioni sababu ya kuficha. Nilikuwa nimeshakuwa muuguzi kamili, nasimamia wenzangu kazini, halafu Jumamosi nasimama gerejini kuulizwa kama nimehesabu vijiko. Kila nilipotaja habari ya kupumzika, alisema, "Bado kidogo, tumalize hili la mabirika."

Katika miaka hiyo ndipo alipokuja Neema. Alikuwa mtoto wa Mchaga mmoja wa Langley Park, mtu mzima tayari, mzaliwa wa hapa, anapanga safari za malori kwenye ghala moja kubwa. Alianza kwa kumleta mama yake kwa gari, akabaki. Kiswahili alikisikia chote, hata mafumbo, lakini alijibu kwa Kiingereza, kama watoto wetu wengi. Siku moja alizunguka gerejini akitazama rafu, akageuka.

"Professor, why is everything in one garage?"

"Kwa sababu gereji ni yangu," Katibu akasema, na watu wakacheka.

"That's not a reason," Neema akasema, kwa adabu kabisa.

Katibu alikohoa, akasema twende kwenye jambo linalofuata. Baadaye aliniambia msichana yule ana maswali mazuri sana. Hakufanya lolote.

Gereji ilikuwa na kufuli kubwa la chuma, na ufunguo ulikuwa mmoja tu, mfukoni mwake, kwa sababu alisema funguo mbili ni mwanzo wa fujo. Ndipo akateleza kwenye ngazi za nyumba yake akavunjika nyonga. Alikuwa hospitali, siku hiyohiyo ya kupasuliwa, wakati dada mmoja Mkenya alipofiwa na mumewe. Simu zikapigwa kama tulivyofundishwa. Tukafika Riverdale Park kwa wakati, magari yamejipanga, na mlango umefungwa. Ufunguo ulikuwa ndani ya mfuko wa nguo zake kule hospitali. Shangazi alikuwa huko amekaa kwenye benchi. Nani angempigia kumuulizia ufunguo, mumewe akiwa chini ya kisu?

"Wacha tukate hii padlock," Otieno akasema. "Niko na kitu kwa boot."

Akakitoa nyuma ya gari kile chombo cha kukatia chuma. Akakishika. Akanitazama mimi, nami nikamtazama Mama Benji, na Mama Benji akatazama viatu vyake. Tulisimama pale, watu wazima wenye kazi na watoto, na hakuna aliyethubutu kukata kufuli la Katibu. Miaka yote alikuwa ametufundisha kila kitu isipokuwa kufanya jambo bila yeye. Neema peke yake alisema tukate, akasema mara mbili, na sisi wakubwa wake tukamwambia angoje. Yule dada wa watu alipokea wageni wake sakafuni, na chai yake ilinywewa kwa vikombe vya kuazima kwa majirani. Hakulalamika. Nilirudi nyumbani nikalia kwa aibu, na kwa hasira, maana niliona wazi kwamba kama nyonga ile ingekuwa moyo, kamati ingekufa nayo siku hiyohiyo.

Hakuna aliyetaka kumwambia. Majuma yalipita, akarudi nyumbani na kifaa cha kutembelea, watu wakampelekea matunda na kumwambia kila kitu kimekwenda salama. Nikaona uongo ule ni aina nyingine ya kufuli. Nikaenda peke yangu.

Alikuwa sebuleni, mguu juu ya mto. Nikamwamkia, nikamweleza yote, pamoja na Otieno na chombo chake mkononi. Hakunikatiza. Nilipomaliza aliusogeza mguu wake juu ya mto.

"Mlishindwa kuvunja kufuli?" akauliza.

"Lilikuwa lako."

"Lilikuwa la kamati."

"Katibu, tangu lini?"

Alijaribu kucheka, ikamshinda. Nikamwambia, "Darasani ulitusimulia kuhusu makapteni waliogoma kushuka. Uliwacheka sana. Mimi nilikuwa nimekaa mbele yako, mvi zinaniota, unaniita Luteni."

Hilo lilimpata. Nililiona limempata, na sikufurahi kama nilivyodhani ningefurahi. Alitafuta miwani yake, nikamwonyesha iko kichwani.

"Basi chukua wewe," akasema hatimaye, polepole. "Ni zamu yako. Umengoja vya kutosha."

Hapo nilikuwa nimefikishiwa mkononi kitu nilichokitaka miaka yote. Ningesema ahsante, mambo yangeishia hapo. Lakini neno zamu lilinizuia. Nilikuwa mmoja wa wale waliosimama mbele ya mlango.

"Ukinipa kwa sababu ya zamu, tumerudi palepale," nikamwambia. "Mpe Neema. Yeye ndiye aliyesema tukate."

"Hazungumzi Kiswahili."

"Anasikia kila neno."

"Kusikia kitu kimoja. Mtu amefiwa, nguo imemwanguka, utampa pole ya Kiingereza? Atashika nini mtu huyo?" Sauti ilikuwa imempanda. Hakuwa anatafuta kisingizio, aliogopa kwelikweli. "Viti watu wanaweza kukodi. Kinachowaponya ni ile lugha."

Nilimwambia hata mimi naogopa jambo hilo, lakini naogopa zaidi kufuli. Na ili asipate njia ya katikati, nikamwambia kwamba mimi umakamu nimeuacha tangu dakika hiyo, nitabaki kuosha vyombo na Mama Benji. Iliniuma kutamka, nisidanganye. Aliingiza mkono mfukoni, akautoa ufunguo, akauweka juu ya mkono wa kiti. Akauangalia.

"Mwambie aje Jumamosi," akasema.

Neema hakuchukua ufunguo peke yake, alichukua na kufuli akalitupa. Vyombo aligawa: vingine vikabaki kwa Katibu, vingine kwenye chumba cha chini cha nyumba ya Otieno, vingine nyuma ya duka moja pale Langley Park. Akaongeza jambo ambalo Katibu hakuwahi kulifikiria. Kila mwanakamati alipewa nyumba kadhaa za kupigia simu mara moja kwa mwezi, hakuna shida, hakuna taarifa, kuuliza hali tu. Simu zake mwenyewe zilianza na shikamoo na zilizobaki zilikuwa za Kiingereza. Wazee walilalamika kidogo, kisha wakawa wanakaa karibu na simu siku yao ikifika. Katibu alikuja kwenye ukaguzi mara chache, akaletewa kiti, akatazama mambo yakifanywa ndivyo sivyo. Uso wake ulikuwa wa mtu anayetazama mwingine akikata kitambaa chake kizuri. Hakusema neno. Namheshimu kwa kimya kile kuliko kwa vitabu vyake vyote. Halafu nyonga ikazidi, akaacha kuja.

Jumamosi moja ya masika, hakuna msiba popote, maua yameshaanguka kwenye magari, Neema alinipigia.

"Auntie, nimepiga kwa Professor," akasema, na kwa kusikia tu Kiswahili kikimtoka nilijua kuna jambo. "Shangazi picked up. Sauti yake haikuwa sawa. Nikamuuliza. Kaka yake Professor amekufa, huko nyumbani. This morning. Professor amemkataza Shangazi asituambie."

Sikujua Katibu ana kaka. Hakuna aliyejua.

"Kwa nini amemkataza?"

"He says nobody here knew him. Na wameshamzika. He says kamati ni ya misiba ya hapa." Nikasikia akifunga mlango wa gari. "Auntie, yeye ni mfiwa. Tunaenda."

Nilipofika Riverdale Park, Otieno alikuwa ameshateremsha viti na Mama Benji amepita na sufuria moja kwa moja jikoni bila kumwomba mtu ruhusa. Shangazi alinikumbatia mlangoni akaniambia mzee ameamka, amevaa viatu, amekaa kitandani tangu alfajiri. Katibu alitoka ameshika kifaa chake, shati limefungwa vifungo upande, akasimama kati ya sebule akituangalia tukiingia.

"Nani amewaita?" akauliza.

Aliona viti vinapangwa vibaya karibu na dirisha, akapiga hatua moja, akanyoosha mkono kumwelekeza Otieno. Neema akapita katikati ya watu, akaupokea mkono ule kwa mikono yake miwili.

"Pole sana, Babu," akasema. Kiswahili chake kilikuwa na lafudhi ya huku, lakini kila neno lilikuwa mahali pake. "Pole kwa kaka. Usipange viti leo. Leo wewe umefiwa. Kaa, sisi tupo."

Katibu alimtazama. Kwa miaka yote ile sikuwahi kumwona amekaa kwenye msiba, maana alikuwa mtu wa kusimama jikoni na kutazama saa. Alikaa. Neema akakaa sakafuni mbele yake, bado ameushika mkono, nasi wengine tukasogea. Baada ya muda akaanza kutueleza habari za kaka yake, jinsi alivyokuwa akimbeba mabegani kwenda madrasa msimu wa mvua ili asichafue kanzu, na jinsi alivyopiga miluzi njia nzima ingawa walikatazwa. Alilia, tukalia naye. Watu waliendelea kuingia, wengine ni wa nyumba alizowahi kupeleka chai yeye mwenyewe, na yule dada Mkenya alikuja na watoto wake. Nilifurahi. Si neno la kusema msibani, lakini ndilo nililolisikia moyoni.

Mama Benji akaleta chai, akampa mkononi. Katibu akanywa funda moja, akanywa la pili, akafuta macho kwa kiganja. Kisha akaniinamia mimi niliyekuwa karibu, akaniambia kwa sauti ya chini, kama mtu asiyetaka kuharibu kazi ya mwingine:

"Chai nzuri. Ila ukipata nafasi mwambie Katibu, sukari imezidi kidogo."